Seti ya zana za mkono za kuchora tatuu: fimbo ya kununua, chanuo la kutazama

Seti ninayoipitia hapa inauzwa kwa wale wanaotaka kuchora tatuu bila umeme, kwa namna walivyochora watu wa kale. Ndani ya sanduku la mbao mnamo chanuo la mfupa na kijiti chake cha kugongea kwa mtindo wa Samoa, fimbo ya mwanzi yenye sindano zilizofungwa kwa uzi wa hariri kwa mtindo wa Japani, mwiba uliochomekwa kwenye ufito kwa mtindo wa Wakalinga wa Ufilipino, na sindano ya kushonea pamoja na uzi wake kwa mtindo wa Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini. Kuna pia chupa ya wino mweusi, kijitabu cha maelekezo na karatasi za michoro. Karakana iliyoitengeneza ni ndogo nami sitaitaja, kwa kuwa seti za aina hii zinauzwa na wengi, tena zinafanana karibu kwa kila kitu. Hukumu yangu naitoa mapema: fimbo inastahili kununuliwa, chanuo linastahili kuchunguzwa na kurudishwa sandukuni, mwiba una jambo la kutufundisha, uzi haukupaswa kuuzwa kwa mtu asiye na mwalimu, na zile karatasi za michoro zingeachwa tu.

Vipimo nilivyotumia ni viwili. Tatuu hudumu kwa sababu wino umefika kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha takriban milimita 1 hadi 2, mahali ambapo chembe za kinga za mwili huumeza na kubaki nao palepale. Wino ukiishia juu zaidi, hutoka pamoja na ngozi inayobanduka. Ukizama mno, hutawanyika na mstari ukapoteza ukingo wake. Mashine ya umeme, ambayo Samuel O'Reilly aliipatia hataza mjini New York mwaka 1891 kwa kuendeleza kalamu ya umeme ya Edison, humruhusu mchoraji kupanga urefu wa sindano kabla hajaanza kazi. Zana ya mkono haina skrubu ya kupangia chochote, kwa hiyo swali la kwanza ni kama inaufahamisha mkono ncha imefika wapi. Swali la pili, ambalo wazee wa kale hawakuwa na njia ya kulijua na sisi hatuna udhuru wa kulisahau, ni kama ncha hiyo inaweza kutakaswa au kutupwa.

Chanuo ndilo linalovutia macho kuliko vyote, na muuzaji ameliweka katikati ya sanduku kwa kujua hivyo. Ukoo wake ni mrefu. Machanuo manne yaliyofukuliwa mwaka 1963 katika kisiwa cha Tongatapu, nchini Tonga, yalidhaniwa kuwa yameteketea katika moto uliounguza ghala moja mjini Canberra mwaka 2003, kisha yakaonekana tena yakiwa salama, na utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ukaonyesha kwamba yana umri wa miaka 2,700 hivi. Mawili yalitengenezwa kwa mfupa wa ndege mkubwa wa baharini, na mengine mawili kwa mfupa ambao huenda ni wa binadamu. Chanuo la Samoa ni la ukoo huohuo: bamba la mfupa au la pembe ya nguruwe lenye meno makali ukingoni, limeunganishwa na kipande cha gamba la kasa, na kipande hicho kimefungwa kwenye mpini kikiwa kimeinama kama jembe. Fundi, anayeitwa tufuga ta tatau, huligonga kwa kijiti kirefu huku wasaidizi wake wakivuta ngozi pande zote mpaka ikaze. Bila wasaidizi hao hakuna kazi. Pe'a, ile tatuu ya mwanamume inayoanzia kiunoni na kuishia magotini, haijawahi kuwa shughuli ya watu wawili waliofungiana chumbani, na Samoa ni miongoni mwa sehemu chache za Polinesia ambako mlolongo wa mafundi haukukatika hata baada ya wamisionari kuingia mwaka 1830 na kuipiga vita desturi hiyo.

Kuhusu wasaidizi, seti hii iko kimya kabisa. Picha iliyo katika kijitabu inamwonyesha mchoraji peke yake, mkono mmoja umeshika mpini na mwingine kijiti, na nani anayevuta ngozi halielezwi. Nilipolijaribu kwenye ngozi ya bandia iliyokazwa vizuri kwenye ubao, lilifanya kazi nzuri kuliko nilivyolidhania: meno yanatua kwa pamoja, kila pigo linaacha mstari mfupi ulionyooka na uliokolea, na mapigo yakifuatana kwa mwendo mmoja mstari mrefu hukamilika upesi kuliko ambavyo sindano moja ya mkono ingeweza. Mpini nao hurudisha mtikisiko kiganjani, hivyo mtu huanza kutambua pigo lililofika na lile lililogota juu. Lakini nilipoilegeza ngozi ile kidogo tu, meno ya pembeni yalianza kukwama na kuchana. Kwa karibu, chini ya kioo cha kukuzia, ilionekana wazi kwamba meno mawili ni mafupi kuliko wenzake na jingine limechongwa kwa haraka likabaki na ukwaruzo ubavuni, na ukwaruzo wa namna hiyo, ambao jicho tupu haliuoni, ndio unaorarua nyama badala ya kuitoboa.

Hayo yote fundi anaweza kuyarekebisha kwa tupa na subira. Kisichorekebishika ni mfupa wenyewe. Mfupa una vitundu vidogo vidogo, hunyonya damu na wino, na nyuzi zinazoufunga hubaki na unyevu hata zikipanguswa. Kijitabu kinaagiza kwamba chanuo lichemshwe katika maji kwa dakika chache, agizo ambalo linatosha kunifanya niitilie shaka seti nzima, kwa maana maji ya sufuriani hayaui mbegu zote za bakteria. Kifaa kinachotoboa ngozi hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 au zaidi, na mfupa unaopitishwa humo mara kwa mara hukauka ukapasuka. Homa ya ini ya aina ya B na ya C husafiri kwa damu kidogo isiyoonekana kwa macho, na chanuo lenye nyuzi ni mahali pazuri pa damu hiyo kujificha. Mafundi wa Samoa wenyewe walikwisha kuliona jambo hili. Wengi wao, wakiwamo wa ukoo wa Sulu'ape unaojulikana duniani kote, wamehamia kwenye meno ya chuma kisichoshika kutu, wala hakuna mtu mwenye akili zake anayewaambia kwamba wameacha jadi. Inashangaza kwamba anayeuza “ukale” kwa wageni anashikilia mfupa ambao wenye kazi yao wameuweka pembeni.

Jambo moja katika chanuo hili nalisifu, ingawa muuzaji hakulitangaza. Kile kipande cha gamba la kasa ni plastiki iliyotiwa rangi. Ng'amba, yule kasa ambaye gamba lake limewindwa kuliko la wenzake wote, yumo katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara ya gamba lake kati ya nchi na nchi imekatazwa. Plastiki hiyo ingeandikwa kwa herufi kubwa juu ya sanduku.

Fimbo ya mwanzi ndiyo iliyonifanya niyaandike mapitio haya. Ina urefu wa shibiri moja na ziada, nyepesi, imepigwa msasa vizuri, na safu ya sindano imefungwa mbele yake kwa uzi wa hariri uliozungushwa kwa usawa wa kupendeza. Kazi yake, inayoitwa tebori, huanza na mkono usioshika fimbo. Mkono huo huvuta ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, na fimbo hulazwa juu ya kidole gumba, kisha mkono mwingine huisukuma kwa mwendo mfupi, ncha ikiingia kwa mshazari na kuinuliwa kidogo kabla ya kutoka, na hapo husikika mlio mdogo wa ngozi inayoiachia sindano. Kidole gumba ndicho kipimo cha kina. Kwa kukisogeza nyuma kidogo mchoraji hupunguza nguvu ya msukumo, kwa kubadili mshazari hupata weusi mzito au kijivu chepesi, na vivuli vinavyotoka humo vina upole ambao mimi binafsi sijaweza kuupata kwa mashine. Hii ndiyo zana iliyolijibu swali langu la kwanza bila kusita: kila msukumo unarudi kidoleni ukiwa na habari zake.

Historia ya tebori inafaa kukumbukwa na kila anayezungumzia kufufua mambo ya kale, kwa sababu kilichotaka kuiua hakikuwa mashine. Serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ilipiga marufuku tatuu mwaka 1872, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwaka 1948. Mafundi waliendelea kwa siri na wanafunzi wakajifunza majumbani mwa walimu wao. Hata baada ya hapo, wachoraji wa Japani waliendelea kubanwa kwa hoja kwamba kutoboa ngozi ni kazi ya daktari, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua mwaka 2020 kwamba kuchora tatuu si tiba. Leo mafundi wengi wa huko huchora mistari kwa mashine, kisha hujaza vivuli na rangi kwa fimbo, na mchanganyiko huo nauona kuwa mwenendo wa watu wanaoijua kazi yao kiasi cha kutohitaji kujionyesha.

Kasoro ya fimbo hii ni gundi. Mtengenezaji amezigandisha sindano chini ya ule uzi mzuri wa hariri, kisha akaandika kwamba fimbo “itakutumikia maisha yako yote”, maneno ambayo mnunuzi mgeni anaweza kuyachukua kama ruhusa ya kuzitumia sindano hizohizo kwa mtu wa pili na wa tatu. Nilikata uzi, nikakwangua gundi, nikazitupa sindano zilizokuja nayo na kufunga nyingine za matumizi ya mara moja zilizotoka kwenye pakiti iliyofungwa. Fimbo ikawa bora zaidi. Hata hivyo mwanzi nao ni mmea wenye vitundu, na anayetaka kuchora ngozi za watu wengine afunike sehemu ya mbele kwa plastiki ya kutupwa au anunue fimbo ya chuma, ambayo mafundi wa Japani wengi wanaitumia na ambayo kwa mkono uliozoea haina tofauti kubwa ila uzito.

Mwiba unaonekana duni kando ya vifaa hivi viwili, nao umeniburudisha zaidi ya nilivyotazamia. Katika kijiji cha Buscalan, mkoani Kalinga, Whang-od, aliyezaliwa mwaka 1917 na ambaye picha yake ilitokea kwenye jalada la Vogue ya Ufilipino mwezi Aprili mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 106, amechora maisha yake yote kwa mwiba wa mti wa jamii ya mlimau uliochomekwa kwenye ufito, akiugonga kwa kijiti kingine, wino wake ukiwa masizi na maji. Mwiba ni kitu cha kutupwa. Umetoka mtini, umefanya kazi kwa mtu mmoja, umekwenda zake. Mtu akifuata utaratibu huo, kifaa kinachoonekana cha kale kuliko vingine sandukuni kinakaribia masharti ya leo kuliko chanuo la mfupa. Ila seti imetoa mwiba mmoja tu, mkavu, wenye ufa unaoonekana karibu na ncha, nao umekazwa kwa nta ili usitoke. Yaani kile kilichokuwa na busara ndani yake ndicho kilichoondolewa. Mwiba mkavu hukatika, na kipande kikibaki ndani ya ngozi ya mtu hakitolewi kwa kibanio cha nyusi.

Kwa mtafiti au mwalimu wa historia, hata hivyo, mwiba huu na wenzake wana thamani. Jumba la makumbusho la chuo kikuu kimoja cha Marekani lilikuwa limehifadhi kwa zaidi ya miaka 40 kijiti kilichookotwa huko Utah, chenye miiba miwili ya mpungate iliyofungwa kwa majani ya yuka, ncha zake zikiwa nyeusi, kabla hajatokea mtu aliyekitambua, na utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ukaonyesha kuwa ni kifaa cha kuchorea tatuu chenye miaka 2,000 hivi. Na yule mtu wa barafuni, Ötzi, aliyepatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alps kati ya Austria na Italia akiwa amekufa miaka 5,300 hivi iliyopita, ana tatuu 61 za mistari na misalaba ambazo kwa muda mrefu zilisemekana kuwa zilichanjwa kwa kisu na kupakwa masizi. Mchoraji mmoja alikubali kuchorwa mguu wake mwenyewe kwa zana na mbinu mbalimbali, alama zikapona, zikalinganishwa na za Ötzi, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yakaonyesha kwamba zake zinafanana zaidi na za kutobolewa nukta kwa nukta kwa zana yenye ncha moja. Majaribio ya namna hiyo hayawezekani bila vifaa vya kuigiza, na kwa kazi hiyo seti hii ingekuwa na soko la haki kabisa iwapo ingeuzwa kwa jina hilo.

Juu ya sindano na uzi sitakaa sana. Wainuit waliupaka uzi masizi, wakaupitisha chini ya ngozi kwa sindano, na alama ikabaki uzi ulipotoka. Maiti za wanawake wa Qilakitsoq, Greenland, waliokufa karibu mwaka 1475, bado zinaonyesha mistari hiyo usoni. Ilikuwa kazi ya wanawake kwa wanawake, iliyokatazwa na makanisa, na katika miaka ya karibuni wanawake wa Kiinuit wameirudisha wenyewe, wakijifunza kwa vifaa safi, wengine wakitumia sindano ya kuchoma nukta badala ya uzi. Kilichomo sandukuni ni sindano ya fundi cherehani na kijibonge cha uzi wa pamba usio na pakiti, usiojulikana umepita wapi. Uzi huo huburutwa chini ya ngozi. Sikuujaribu popote isipokuwa kwenye ngozi ya bandia, ambako uliacha nyuzinyuzi ndani ya tundu, nami sina la kuongeza.

Wino ni mweusi, mzito, unaosemekana kuwa wa masizi ya asili, na chupa haina orodha ya viambato wala tarehe. Masizi ya jikoni yanaweza kubeba kemikali zinazohusishwa na saratani. Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2022, unadhibiti kemikali zaidi ya 4,000 katika wino wa tatuu. Mwaga, nunua wenye maandishi.

Nimebakiza karatasi za michoro, ambazo zimeniudhi kuliko meno mafupi na gundi. Ni karatasi za kunakilia moja kwa moja kwenye ngozi. Ya kwanza ina vipande vya pe'a vilivyokatwakatwa viwe vya begani, ya pili mistari ya kidevuni ya wanawake wa Kiinuit, na ya tatu, iliyoandikwa “Afrika” bila neno jingine, ina mistari ya pembe iliyopangwa safu juu ya safu ambayo yeyote aliyewahi kutazama kinyago cha zamani cha Kimakonde, au uso wa bibi wa Kimakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma, ataitambua mara moja. Ajabu ni kwamba hakuna kifaa hata kimoja katika seti hii kinachoweza kuichora. Wamakonde walichanja chale kwa kisu kidogo, wakasugua mkaa ndani ya jeraha, na kwa kurudia chale zilezile wakapata alama iliyokolea, mara nyingine iliyoinuka kidogo, ambayo kidole kinaweza kuisoma. Aliyeichapa karatasi hii aliuchukua uso akaacha mkono, kisha akalifuta na jina la wenyewe.

Waliofufua kwa dhati hawakuanzia kwenye karatasi. Keone Nunes wa Hawaii, ambaye kazi yake ya kugonga kwa mkono imeurudisha mtindo wa visiwa hivyo, alikwenda kujifunza kwa fundi wa Samoa, Su'a Sulu'ape Paulo II, kwa kuwa huko ndiko mlolongo ulikuwa hai, lakini michoro aliitafuta kwa wazee wa kwao. Whang-od amewafundisha wajukuu wa ndugu zake. Kwa hiyo mnunuzi anayevutiwa na fimbo, na anafanya vyema kuvutiwa nayo, amwombe muuzaji amuuzie hiyo peke yake, isiyo na gundi, pamoja na pakiti ya sindano zilizotakaswa. Karakana mbili tatu nilizoziuliza zilikubali bila ubishi, na moja ikakiri kwamba wateja wake wengi hurudi kutafuta fimbo ya pili huku chanuo likiwa halijatoka sandukuni.